Masomo ya Injini Iliyozimwa

...safari zisizo za lazima, anasema, wananchi tupunguze safari zisizo za lazima, ndivyo anavyosema huyo mtaalamu redioni kwa sauti laini ya mtu aliyepelekwa studio na dereva, na mimi nimekaa hapa kwenye foleni ya kituo cha mafuta tangu asubuhi, kiti cha abiria, dirisha wazi, jasho linanitiririka mgongoni, najiuliza ni safari gani maishani mwangu ambayo haikuwa ya lazima, ile ya kwenda kazini au ile ya kurudi, anitajie moja tu, au anadhani watu kama mimi tunaamka na kuzunguka mji mzima tukisalimiana kwa honi... "Mwalimu, nizime?" Zima, nasema, si tumesimama, na mkunga, mwanafunzi wangu, anazima, anafanya vizuri kabisa, gia huru, breki ya mkono, ufunguo, mikono inarudi kwenye usukani kama nilivyomfundisha, kuzima anajua, mwaka huu sina mwanafunzi hata mmoja asiyejua kuzima gari. Na hili ndilo somo lake la leo, foleni, kusogea hatua mbili na kusimama, kusogea na kusimama, maana Bosi wa shule yetu ya udereva amesema mwalimu akienda kutia mafuta aende na mwanafunzi, mafuta yaleyale yafanye kazi mbili, na mwanafunzi analipa kama kawaida, huyu mkunga wa watu, mwanamke mtu mzima mwenye mvi mbili tatu juu ya sikio, aliyetoka zamu ya usiku akaja moja kwa moja kujifunza udereva nyuma ya lori la mchanga, analipa, anashukuru, na bado ananiuliza kama nimekunywa chai... hapana, sijanywa chai, nina hasira, hiyo inanitosha.

Yule pale amepanda ngazi. Mtu mwenye ovaroli amepanda ngazi kwenye bango la bei, na foleni nzima imekodoa macho kwenye mkono wake, anachomoa tarakimu moja anaibana kwapani, anapachika nyingine, anairekebisha isikae upande, tena kwa ustadi, kama anatundika picha ya harusi, na dereva wa lori mbele yetu anapiga honi ndefu mpaka madirisha yetu yanatetemeka, na mhudumu wa pampu, mama mmoja mnene mwenye taulo shingoni, anapaza sauti, "Honi haishushi bei, baba! Mimi mwenyewe nimekuja kwa miguu!" na watu wanacheka, foleni nzima inacheka, mkunga anacheka, na mimi nacheka, na hicho ndicho kinachonichoma, kwamba tumejipanga kwa bei moja tutanunua kwa nyingine, mafuta yaliyomo kwenye tangi chini ya ardhi ni yaleyale ya jana, hayajaongezwa hata tone, hayajalala hotelini, hayajasomeshwa, yamepanda bei yakiwa yamelala, na sisi tunacheka, wiki ijayo tutarudi tutacheka tena. Tufanye nini sasa? Wiki iliyopita ulizunguka ujumbe kwenye simu, kila mtu kamtumia kila mtu, na mimi niliutuma kwa walimu wote na kwa kaka zangu, Ijumaa tusinunue mafuta, hata tone moja, wasikie maumivu, mshikamano, na vijimkono vilivyokunjwa ngumi, basi Alhamisi foleni ilifika mpaka kwenye duka la mbao, watu wote wanajaza matangi ili Ijumaa wagome vizuri, na mimi nilikuwemo, nilikuwa wa nane kutoka mbele, nimevaa miwani ya jua nisitambulike, tukawauzisha mafuta ya siku mbili ndani ya siku moja, Ijumaa wenye vituo wakapumzika, wakaosha sakafu... mgomo gani huo, ile ilikuwa zawadi.

Halafu redioni wanaendelea, hakikisha matairi yana upepo wa kutosha, usikanyage mafuta kwa ghafla, punguza mizigo, panga safari zako pamoja na majirani, na mengine ni kweli, sikatai, ya tairi nawaambia wanafunzi wangu kila siku, na ya majirani tumeyafanya sisi wenyewe kabla hajatutangazia, Jumatatu mpaka Ijumaa mhasibu wa nyumba ya pili na mwalimu wa watoto wadogo tunakwenda nao kwenye gari la yule wa watoto wadogo, kila mmoja na zamu yake ya kutia mafuta, na imetusaidia kweli, hata kama mhasibu anafunga mlango kama anamfungia mwizi. Lakini tunaokoa kikombe wao wanachota ndoo, mbona hilo hawalisemi, mbona sauti hiyo laini haiwaulizi wenye matangi wamepunguza nini wao, safari gani isiyo ya lazima... Na ukiwapa watu ushauri bila kuwaambia pa kuishia, unapata mtu kama mume wangu, ambaye siku hizi namwita Mkaguzi. Mkaguzi alisikia hilo la kupunguza mizigo akatoa tairi la akiba kwenye kigari chetu cha nyumbani, akatoa jeki, akatoa mazulia, akang'oa kiti cha nyuma akakiweka sebuleni, wageni wanakikalia, na siku moja nilipoingia garini akanitazama kwa jicho la mizani, hakusema neno, lakini nilimwona, nikamwambia thubutu, thubutu tu ulitamke. Akaona bado haitoshi. Jumapili moja tunashuka mteremko wa kuelekea sokoni, nasikia kimya, nageuka, mtu amezima injini, gari linaserereka lenyewe na yeye anatabasamu, "Mama watoto, tunakwenda bure!" Bure! Usukani umekuwa mzito kama jiwe la kusagia, breki akikanyaga mara ya kwanza inashika, ya pili inagoma, mimi nafundisha watu hizi habari, najua kwamba injini ikilala breki nayo inasinzia, nikavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili, tukaishia kwenye ua wa maua wa watu tusiowajua, na yeye akashuka akajipangusa akasema angalau hatujatumia hata tone. Nilimsema wiki nzima. Nilimwambia kuna vitu haviguswi, bana sukari, bana saluni yangu, uza hicho kiti ukitaka, lakini usibane breki, wewe mtu, breki si yako peke yako, ni ya yule aliye chini ya mteremko anayevuka barabara na kapu lake hana habari na wewe... akaniambia nina maneno mengi, na kweli ninayo.

"...kesho, mwalimu?" Anasema nini? "Nimeuliza, kesho nifike yadi saa ngapi?" Saa mbili, namwambia, mtihani unaanza saa tatu, lakini wewe fika saa mbili. "Na mafuta haya ndiyo ya mtihani?" Ndiyo haya, namjibu, na naangalia nje, maana siku hizi kila mtahiniwa anakwenda na mafuta ndani ya gari la shule, na hapa kituoni tangu wiki hii wanatoa kiasi kidogo tu kwa kila gari, ukishapewa hurudi tena mpaka wiki ijayo, kinachoingia leo ndicho kitakachozunguka koni kesho. Anatikisa kichwa, ameelewa, anakunja leso yake mara mbili, mara nne. Kliniki yao iko juu kabisa ya ile barabara ya mlimani, dereva wao amestaafu na hawataajiri mwingine, wamesema mkunga atakayepata leseni kwanza ndiye atakayeendesha gari la kliniki, na nyongeza ya mshahara ni yake, na wenzake wawili nao wanajifunza shuleni kwetu, kwa hiyo kesho ni kesho kweli. Na atapita. Hilo sina wasiwasi nalo, atapita huku anaimba, kwa sababu mtahini naye anabana mafuta, zamani alikuwa anakwenda na mtu mpaka barabara kuu, anampandisha mlima, anamsimamisha katikati ya mlima, haya, ondoka, na hapo ndipo watu walipokuwa wanalia, sasa hivi anasimama kivulini, koni mbili, nyuma, mbele, zima gari, hongera... kuzima gari, na nani anajua kuzima kama wanafunzi wetu. Bosi alituita bei ilipopanda mara ya kwanza, akatuambia kuanzia leo mwanafunzi atajifunza gia injini ikiwa imezimwa, ndani ya yadi, akishazoea ndipo tuwashe kidogo, na hiyo kidogo ikawa kidogo zaidi kila bango lilipobadilishwa, na tulicheka mwanzoni, maana nilimwambia mkunga fanya sauti ya injini kwa mdomo ili ujue wakati wa kubadilisha gia, na mwanamke huyu ambaye usiku anawaamuru watu sukuma na wanasukuma, akakaa ndani ya gari lililosimama, akashika usukani, akafanya vuuuu, vuuuu, gia ya pili, vuuuuu, gia ya tatu, akanitazama kwa aibu, mwalimu ni sawa? Ni sawa, nikamwambia. Tukapiga makofi. Gia ya tatu ya mdomo.

Sasa huyu wa redioni ameanza kusoma ujumbe wa wasikilizaji, kuna mama analalamikia mkate, na hapo ananigusa donda, maana la mkate nalijua, jana tu nimetaka kupigana dukani kwa ajili ya mkate. Nimeushika mkate nikausikia mwepesi, mkono wangu umebeba mkate huohuo miaka yote, haudanganyiki, nikamwambia mwenye duka huu mkate umepungua, akasema kwa macho makavu, "Mama, mkate ni uleule, bei ni ileile, tunajitahidi tusiwaumize," nikasema karatasi ndiyo ileile, picha ya ngano ndiyo ileile, lakini ndani mmetoa vipande vitatu na kuniachia hewa, akasema ni gharama za usafirishaji, mama, mafuta yamepanda. Mafuta yamepanda! Basi sema, nikamwambia, watu wameanza kusikiliza, nimepandisha sauti makusudi, sema mafuta yamepanda, andika bei mpya hapo juu kwa wino mwekundu, nikasirike, nikutukane kimoyomoyo, nitoe au nisitoe, lakini usinipe pungufu ukaniambia ni kamili, usinifanye mimi mjinga ninayeshukuru kwa kuibiwa, hata hawa wa kituo cha mafuta na jeuri yao yote wanapanda ngazi mchana kweupe wanaandika, na wewe unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa... na wateja wakasema kweli, mama, kweli kabisa, na nikatoka nikiwa nimeshinda, kifua mbele, na mkate wangu mwepesi mkononi, nikajisifu kwa Mkaguzi mpaka chakula kikapoa, nimewaambia ukweli wao, mtu akilipia kitu kamili apewe kitu kamili, vuuuu... hapana. Ngoja. Mtu akilipia kitu kamili. Ngoja kwanza. Analipa ada ileile, huyu. Kibao cha ada pale ofisini ni kilekile, hakijaguswa, Bosi anajivunia, sisi hatujapandisha, tunajali wateja, na karatasi ndiyo ileile, masomo idadi ileile, saa nzima kila somo, na ndani... ndani kuna hewa. Sauti ya mdomo. Nimekuwa nikimwuzia mwanamke huyu mkate wa hewa, na mimi nilikuwa na mkono wa kuupimia wangu, nimeula mkate tangu utotoni, yeye mkono wa kupimia somo la udereva autoe wapi, hajawahi kujifunza kwingine, atajuaje kwamba vipande vitatu havimo? Atajua mlimani. Usiku, mvua, gari la kliniki na mwanamke analia kwenye kiti cha nyuma anakaribia kabisa kujifungua, atasimama katikati ya ule mlima kwa sababu ng'ombe amevuka au jiwe limeanguka, na atataka kuondoka, ataachia klachi kama tulivyofanya yadini, hakufundishwa sauti ya kusikiliza wala mtetemo wa kuusubiri, gari litazimika na kuanza kurudi nyuma, na nyuma yake kuna lori, atajuaje kulisimamisha? Jamani. Halafu mimi ndiye niliyemsema mume wangu wiki nzima kuhusu breki.

Naogopa, nasema kweli, naogopa na nina hasira hata sijui niielekeze wapi, kwa wa bango, kwa wa redio, kwa Bosi, kwangu, maana hawa wakubwa wamepandisha kwa Bosi, Bosi akateremsha kwangu, na mimi nikateremsha kwa mkunga, mkunga hana wa kumteremshia isipokuwa huyo mwanamke aliye kwenye kiti cha nyuma na mtoto ambaye hata hajazaliwa, na kila mmoja njiani anasema anajitahidi asituumize. Mimi nilijiuliza nifanye nini mafuta yakipanda, nikakimbilia kugoma Ijumaa na miwani yangu ya jua. Kumbe la kugomea lilikuwa mkononi mwangu, na lilikuwa dogo, la kukataa tu kulipitisha. Bosi aandike ada ya kweli pale ofisini, wanafunzi wapungue kama watapungua, wajifunze wawili wawili kwenye gari moja, mmoja akiendesha mwingine akiangalia, walimu sisi watatu tukisema injini haizimwi atamleta nani mwingine, atafundisha yeye na tumbo lake lile... atanifukuza labda. Labda. Mkaguzi atafurahi, nitakuwa mwepesi.

"Mwalimu, mbona umenyamaza?" Mkunga ananitazama, macho mekundu ya zamu ya usiku. Namwambia, dada yangu, mafuta tutakayopewa hapa tukitoka nayo hatuendi yadi, tunapanda mlima wenu, na tunasimama katikati, na tunaondoka, na tunasimama tena, mpaka yaishe. "Na kesho?" Kesho hayatakuwepo, namwambia, kesho hufanyi mtihani, utangoja zamu nyingine. "Wenzangu wanafanya kesho kutwa, mwalimu." Najua, nasema. "Watampa mwingine lile gari." Najua, na nitakwenda mwenyewe kwa mkubwa wenu nimwambie kosa ni la nani, hata hao wenzako wafundishwe upya, lakini wewe hujui kuondoa gari mlimani, hujui kwa sababu sikukufundisha, nilikufundisha gari lililolala na nikapokea ada ya gari lililo macho... na nangoja anikasirikie, nataka anikasirikie, anipigie kelele kama nilivyompigia yule wa mkate, nastahili, foleni nzima isikie. Hapigi kelele. Anakunjua ile leso, anaitandaza gotini, anasema polepole, "Kumbe. Mimi nilidhani ni mimi mzito wa kuelewa. Kila nikiufikiria ule mlima mwili unakufa ganzi, nikasema ni umri, mbona mwalimu anasema ni sawa." Hilo linaniingia kuliko tusi lolote. Mwezi mzima amejilaumu yeye. Ameshukuru, amelipa, na akajilaumu.

Washa, namwambia. "Foleni haijasogea, mwalimu." Najua haijasogea, washa. Anatazama mshale wa mafuta, uko chini kabisa, ananitazama mimi, anawasha. Breki ya mkono iache juu, usiiguse, mguu wangu uko kwenye breki yangu ya mwalimu, hatuendi popote, kanyaga klachi, gia ya kwanza, mafuta kidogo, sasa klachi iachie, hapana, polepole zaidi ya hapo, kama unyayo hautaki kuamka, na gari la nyuma mtu anatoa kichwa, "Mama mwalimu, mnachoma mafuta bure, mtaishiwa hapo hapo!" Tukiishiwa utatusukuma, namjibu, ndiyo kazi ya jirani, na sauti ya injini inashuka, inakuwa nzito, pua ya gari inanyanyuka kidogo, usukani unaanza kutetemeka mikononi mwake, na anashtuka anataka kuondoa mguu. Usitoe, namwambia, hapo, hapo hapo ulipo, huo mtetemo ndio unaolishika gari mlimani, kaa nao mpaka uujue. Mbele lori la mchanga limesimama kama lilivyokuwa. Mkunga amezima redio mwenyewe bila kuniuliza, ameinamisha kichwa kidogo upande wa injini, anasikiliza.